Athari ya Doppler: honi haipandi, mjomba

Nyumba yetu hapa Tabora iko jirani na reli. Treni ikipita, anayeongea na simu hunyamaza na kunyoosha kidole kimoja juu: subiri.

Jumamosi mpwa wangu aliyekuja likizo alikuwa anatazama The Big Bang Theory, ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani iliyoonyeshwa kuanzia 2007 hadi 2019. Alikuwa amefika kwenye sherehe ya Halloween ya msimu wa kwanza, ile ambayo watu huvaa wakajifanya vitu mbalimbali. Mwanafizikia Sheldon amevaa nguo ya kubana yenye mistari myeusi na myeupe, na watu wanabahatisha amejifanya nini. Mmoja anadhani punda milia. Mwingine, baada ya Sheldon kumpa fununu ya mlio kwa mdomo, anadhani treni. Mpwa akacheka sana. Nikamuuliza kinachomchekesha.

"Ni athari ya Doppler, mjomba. Treni ikija honi inazidi kuwa juu, ikiondoka inafifia."

Mzaha aliuelewa, ila maana ndiyo iliyompita. Maelezo hayohayo nimeyasikia redioni, nimeyasikia kwa kijana anayefundisha tuisheni, sasa yameingia sebuleni kwangu.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Athari ya Doppler ni kubadilika kwa idadi ya mawimbi yanayokufikia kila sekunde, kwa sababu wewe na chanzo cha mawimbi mnasogeleana au mnaachana. Mkisogeleana, mawimbi yanabanana, mkiachana, yanatanuka. Ndiyo mistari ya lile vazi: haikuchorwa ovyo. Tamthilia ile ilikuwa na mwanafizikia wa kweli wa kuikagua, David Saltzberg wa chuo kikuu cha UCLA, na hesabu zinazoonekana kwenye mbao za akina Sheldon ni hesabu za kweli.

Tatizo linaanzia kwenye lugha yetu, hasa neno "juu". Mwalimu wa darasa akimwambia mtoto asome kwa sauti ya juu, anataka sauti kubwa, wa nyuma wasikie. Mwalimu wa kwaya akisema "pandeni juu", anataka sauti nyembamba. Neno moja, mambo mawili. Ndiyo maana napenda tubaki na maneno ya wazee: sauti kubwa na ndogo ni upande mmoja, sauti nyembamba na nene ni upande mwingine, wala hayategemeani. Mbu anayekuzungukia sikioni usiku ana sauti nyembamba mno, lakini ndogo. Ngoma ina sauti nene, nayo inasikika mtaa wa pili. Wanaisimu wana neno kwa huo wembamba na unene, wanauita kidatu (siyo Kidatu ya bwawa la umeme), lakini sijawahi kulisikia nje ya darasa lao.

Athari ya Doppler inahusu wembamba na unene. Honi kuwa kubwa kadiri treni inavyokaribia ni jambo jingine kabisa, na halihitaji Doppler: chochote kikikaribia kinasikika zaidi, hata redio ya jirani ukiisogelea.

Sasa tupige hesabu. Tuseme honi inatetema mara 400 kwa sekunde, na treni inakwenda kilomita 60 kwa saa, yaani kama mita 17 kwa sekunde. Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Treni inayokuja moja kwa moja ulipo utaisikia kwa mitetemo kama 421. Ikishakupita, kama 381. Basi. Haianzi 400 ikapanda taratibu hadi 421. Ikiwa mbali ni 421, ikiwa mita 100 kutoka ulipo bado ni 421. Kinachopanda muda wote huo ni ukubwa, nao ndio unaolidanganya sikio. Na kwa kuwa hakuna anayesikiliza akiwa amesimama katikati ya reli (asijaribu), anayesimama pembeni husikia mlio ukianza kunenepa hata kabla kichwa cha treni hakijafika usawa wake. Yaani sauti inashuka tu. Haipandi mahali popote.

Honi yenyewe haijafanywa lolote. Dereva anaisikia 400 ileile kutoka Kigoma mpaka hapa.

Wenye mashaka walikuwepo tangu mwanzo. Christian Doppler, Mwaustria, alisoma hoja yake mjini Prague mwaka 1842, naye hakuwa anazungumzia treni. Alikuwa anazungumzia rangi za nyota pacha, yaani nyota mbili zinazozungukana. Mwanasayansi Mholanzi, Buys Ballot, hakukubaliana naye, akaamua kumpima kwa reli. Mwaka 1845, kwenye njia ya kutoka Utrecht kwenda Maarssen huko kwao Uholanzi, alipandisha wapiga tarumbeta kwenye behewa, na kando ya reli akasimamisha wanamuziki wenye masikio makali ya kutambua noti. Jaribio la kwanza, Februari, liliharibiwa na baridi na theluji. Wakarudia Juni, na tarumbeta zikampa Doppler haki yake. Kuhusu rangi za nyota, Doppler alikosea: nyota huwa nyekundu au ya bluu hasa kwa sababu ya joto lake, siyo mwendo. Kanuni yake ilikuwa sahihi, mfano alioutumia ndio uliokuwa mbovu. Hilo hunifariji kila nikifikiria masomo niliyowahi kufundisha.

Limebaki neno "athari", ambalo nalo limeleta kizaazaa. Jirani yetu mjamzito alirudi kliniki akiambiwa mtoto atapimwa kwa Doppler. Binti yake akatafuta kwenye simu, akakutana na "athari ya Doppler", nyumba nzima ikapata homa. Akaja kuniuliza: mtoto ataathirika vipi?

Siwezi kumlaumu. Tumezoea kusikia athari za mafuriko, athari za pombe, athari za dawa, hadi neno limenuka. Lakini athari limetoka Kiarabu, athar, alama inayobaki kitu kilipopita, kama nyayo kwenye mchanga. Alama hiyo inaweza kuwa nzuri, mbaya, au si lolote. Kwa ubaya tunalo neno lake, madhara, lililo ukoo mmoja na kudhuru. Mwalimu mzuri anaacha athari kwa wanafunzi wake. Jaribu kusema anaacha madhara, uone watakavyokutazama. Anayeita jambo hili athari ya Doppler anasema tu: hii ndiyo alama ambayo mwendo unaiacha kwenye wimbi.

Nikamweleza yule binti kwamba kifaa kinapeleka mawimbi ya sauti nyembamba kupita uwezo wa sikio. Yakigonga moyo au damu inayotembea, yanarudi yamebadilika kidogo, na mashine inayasoma. Akauliza kuhusu picha za rangi alizoziona, kama nyekundu ni damu safi na bluu ni damu chafu. Hapana. Kwa kawaida nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, bluu ni inayokwenda mbali nacho. Mkono ulioshika kifaa ukikigeuza upande, mshipa uleule unabadilika rangi. Wanaotazama anga wao ni kinyume: kinachokwenda mbali nasi ndicho mwanga wake huelekea wekundu. Hilo la mwisho sikumwambia, alikuwa ameshachoka.

Jioni honi ikalia upande wa stesheni, nikamtoa mpwa uani. Akasikiliza hadi treni ikapita, akasema bado anasikia kama inapanda kwanza. Nikamwambia aigize kwa mdomo, kama Sheldon. Akafanya: niiiiyaaauuu. Nikamuuliza ameanzia wapi, kwenye wembamba au kwenye unene? Akanyamaza. Alipokuwa na miaka mitano alikuwa akipita hapohapo uani na gari lake la kopo, akitoa mlio huohuo, na hakuwahi kuuanzia chini.