Mtoto anayeharisha asinyimwe mtori

"Lipumzishe tumbo kwanza." Akina mama wengi wa Moshi na Arusha huambiwa hivyo mtoto anapoanza kuharisha, na sufuria ya mtori, supu nzito ya ndizi, huepuliwa. Ushauri huo unaumiza. Ngozi ya ndani ya utumbo mdogo hubadilika karibu yote kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli mpya huzaliwa na seli shina zilizojificha kwenye vishimo chini ya vinyweleo vya utumbo, yaani vijinyama vinavyofyonza chakula, nazo zinahitaji nguvu, protini na zinki ili zigawanyike. Mtoto akishindishwa njaa, vinyweleo hufupika. Mlo unaofuata haufyonzwi vizuri, anaharisha tena, na lawama inaangukia mtori.

Aendelee kunyonya. Aliyekwisha kuanza kula apewe mtori wa nyama uliopondwa laini, kidogo kidogo, mara nyingi.

ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, nayo hukosewa. Soma pakiti: ya lita 1 inataka lita 1 kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yaani chupa 2 za nusu lita. Ukiikoroga kwenye chupa moja, chumvi inazidi na kuyavuta maji ya mwili yaingie utumboni. Aliye chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage.

"Ameshapona, zinki ya nini tena?" Hapa ndipo wengi hukatisha, siku ya tatu tu, wakati utumbo bado unajijenga. Dozi ya zinki ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6, miligramu 10. Kisha mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki 2. Akiharisha damu, macho yakizama au akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho.

Watu wazima wana dhana yao: kufunga hufufua seli shina, kwa hiyo njaa ni dawa. Utafiti wa Marekani wa 2018 ulionyesha kweli kwamba panya waliokaa saa 24 bila kula, seli shina zao zilichoma mafuta na kujenga utumbo vizuri zaidi. Lakini mwaka 2024 ikaonekana kwamba seli hizo hugawanyika kwa kasi zaidi panya anapolishwa tena, na jeni likiharibika wakati huo, uvimbe unaoweza kuwa saratani hutokea kwa urahisi zaidi. Hao ni panya wazima wa maabara. Kumnyima chakula mtoto anayeharisha hakumo kabisa katika matokeo hayo.