Sukari Ikishuka Kupita Kiasi: Maswali na Majibu kwa Wenye Kisukari

Sukari ikifika ngapi ni hatari?
Mashine ya kupima sukari ya damu ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, usingoje. Chini ya 3.0 ubongo unaanza kukosa sukari unayoitegemea kufanya kazi. Mtu akifika mahali hawezi tena kujisaidia, hali yake ni kali, hata mashine isome ngapi.

Dalili ni zipi?
Jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Baadaye ulimi unakuwa mzito, mtu anayumba na kufoka bila sababu. Kwenye matatu, konda atamshusha akidhani ni mlevi. Anayetumia propranolol, dawa ya presha na moyo, huenda asihisi mtetemeko wala moyo kwenda mbio, kwa hiyo jasho lisipuuzwe.

Nikiwa bado naweza kumeza?
Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, au kunywa nusu ya soda ya mililita 300. Iwe soda ya kawaida. Isiyo na sukari ni kazi bure. Mandazi na chokoleti ziache kwanza, maana mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda na mlo uko mbali, kula kipande cha mkate.

Amezirai au anapata degedege. Tumnyweshe soda?
Hapana! Itaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, piga 999 au mkimbizeni hospitali yenye idara ya dharura, ambako atawekewa glukosi kwenye mshipa. Msimdunge insulini, itaishusha zaidi.

Mbona inashuka na dawa natumia ipasavyo?
Mara nyingi dawa imetangulia chakula. Umejidunga insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya polepole pamoja) ukitarajia kula baada ya nusu saa, kisha jamu ya Mombasa Road ikakushika kwa muda wa saa mbili. Pombe nayo huzuia ini kutoa sukari, na sukari yaweza kushuka hata kesho yake asubuhi.

Vidonge vya kisukari vya glibenclamide watu huvidharau kwa kuwa si sindano. Hukaa mwilini hadi saa 24, na zaidi figo zikiwa dhaifu, hasa kwa wazee. Ndiyo maana mgonjwa aliyeamka hospitalini akiwa mzima hulazwa aangaliwe: sukari yaweza kushuka tena usiku uleule. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake ni nadra kuleta haya.

Niache dawa?
Usiziache. Nenda kliniki wiki hiyohiyo na daftari la vipimo, daktari apunguze dozi au abadilishe kidonge.