Kwa nini sekondari za Marekani zina somo la masoko ya michezo, lingine la mavazi na lingine la hoteli?

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa sekondari katika jimbo la Texas anaweza kusoma masoko ya mitindo ya mavazi, kisha masoko ya michezo na burudani, na yote mawili yakahesabiwa katika kuhitimu kwake? Lipo pia somo la matangazo, na lipo la masoko ya mitandao ya kijamii. Yote ni ya hiari. Mzazi aliyesoma somo moja tu la biashara tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, akiletewa fomu ya kuchagua masomo hayo, ana haki ya kuuliza: kwani kuuza si kuuza? Kwa nini gauni liwe na darasa lake na tiketi ya mpira iwe na lake?

Chanzo kimoja ni cha kihistoria. Mwaka 1917, kwa Sheria ya Smith-Hughes, serikali kuu ya Marekani ilianza kugharamia elimu ya amali sekondari. Fedha zilikwenda kwenye kilimo, ufundi na maarifa ya nyumbani. Muuza duka hakukumbukwa. Alikumbukwa 1936, Sheria ya George-Deen ilipoingiza kazi za usambazaji, yaani kazi zote za kukitoa kitu kwa aliyekitengeneza mpaka kimfikie anayekitumia. Sharti lilikuwa kwamba anayefundishwa awe ameshaajiriwa. Basi kijana akawa anakaa darasani sehemu ya siku, sehemu nyingine yuko nyuma ya kaunta, na aliyoyaona kazini ndiyo aliyorudi nayo kwa mwalimu. Wa duka la nguo alirudi na maswali ya nguo, wa duka la vyakula na ya vyakula.

Sheria ya 1963 iliondoa ulazima wa ajira, lakini desturi ya kulifuata somo mahali pa kazi ilikuwa imeshaota mizizi. DECA, chama cha wanafunzi wa masomo haya kilichoanzishwa 1946, hadi leo hushindanisha wanachama wake kwa sekta: mavazi, magari, vyakula, hoteli, mikahawa, michezo na burudani. Sheria ya sasa ya elimu ya amali, ya 2018, nayo inazitaka wilaya za shule zinazopokea fedha hizo zipime mara kwa mara mahitaji ya ajira ya eneo lao. Mji unaoishi kwa watalii una kila sababu ya kufungua darasa la hoteli.

Lakini desturi na fedha peke yake visingeuweka mgawanyo huu hai miaka yote hii. Ninavyoona mimi, sababu kubwa iko kwenye bidhaa zenyewe: kila moja ina namna yake ya kuoza.

Nyanya tunaiona ikioza. Kiti je? Konda wa daladala anajua kwamba gari likishaondoka, kiti kitupu hakina tena wa kukinunua kwa safari ile. Ndiyo maana anaita mpaka sauti inamkauka. Chumba cha hoteli kisicholaliwa leo hakiwekwi akiba kesho kikauzwa mara mbili, na kiti cha uwanjani hufa mchezo unapomalizika. Mashirika ya ndege ndiyo yaliyoligeuza jambo hili kuwa hesabu. Mwaka 1985 American Airlines, likibanwa na People Express lililokuwa likiuza tiketi kwa bei ya chini mno, lilianza kuuza sehemu ya viti vyake kwa bei ya kutupa kwa walionunua mapema, huku likiwawekea vingine wafanyabiashara wanaokata tiketi dakika za mwisho na kulipa ghali. Ugumu wote ulikuwa kujua ni viti vingapi vya kuachia na vingapi vya kushikilia. People Express halikumaliza miaka mitatu baada ya hapo. Hoteli zikaichukua hesabu hiyo, na leo ndiyo moyo wa somo la masoko ya hoteli: bei ya chumba kilekile, kitanda kilekile, hubadilika kila siku.

Gauni haliozi usiku mmoja. Linaoza kwa msimu. Koti la baridi lililobaki dukani mwezi wa tatu linakula nafasi ya nguo za joto, na kila wiki inayopita bei yake inashuka. Muuza mitumba hahitaji kuelezwa: belo likifunguliwa, waliofika kwanza huchambua zile nzuri kwa bei kubwa, jioni zilizobaki zinamwagwa chini kwa bei moja. Mwanafunzi wa masoko ya mavazi anajifunza mpango huohuo ukifanywa miezi mingi kabla, kwa sababu mwenye duka huagiza nguo kabla hajajua wateja watapenda rangi gani.

Michezo ndiyo ya ajabu kuliko zote, na ndipo ninapoamini kwamba darasa la peke yake lina haki ya kuwepo. Muuzaji haijui bidhaa yake. Timu inaweza kufungwa manne mbele ya watu waliolipa, na hakuna anayerudishiwa pesa. Isitoshe, anayelipa fedha nyingi mara nyingi si mtazamaji, ni kampuni inayotaka jina lake lionekane. Tazama Olimpiki. Montreal iliandaa ya 1976 ikabaki na deni lililomalizwa kulipwa 2006. Los Angeles, chini ya Peter Ueberroth, aliyeongoza kamati ya maandalizi, iliandaa ya 1984 ikabaki na ziada ya zaidi ya dola milioni 200. Mojawapo ya tofauti ilikuwa namna ya kuuza udhamini. Montreal iliwakubali wadhamini wengi sana waliotoa kidogo kidogo. Los Angeles iliwapunguza, ikamuahidi kila mmoja kwamba mshindani wake hatakanyaga. Kodak, kampuni ya Marekani ya filamu za picha, iliposita kulipa kiasi kilichotakiwa, nafasi yake ilichukuliwa na mshindani wake Fuji kutoka Japani, katika ardhi ya Kodak yenyewe. Kilichouzwa pale ni upekee, na upekee huwezi kuufundisha kwa mfano wa sabuni.

Je, kijana wa miaka 16 si mdogo mno kugawiwa sekta? Angekuwa mdogo kama angeanzia huko. Texas ina somo la utangulizi linalounganisha misingi ya biashara, masoko na fedha, na yale mambo manne ya masoko aliyoyaeneza mwalimu wa somo hilo, E. Jerome McCarthy, mwaka 1960, bidhaa, bei, mahali na matangazo, yanamfuata mwanafunzi darasa lolote atakaloingia. Sekta inampa kitu cha kuyashika. Kijana asiyependa hesabu atakaa na kalamu saa nzima akitafuta ni tiketi ngapi ziuzwe ili timu irudishe gharama zake, kwa sababu timu anaipenda. Katika mashindano ya DECA anaweza kupewa karatasi yenye tatizo la hoteli au la duka, dakika 10 za kujiandaa, kisha asimame mbele ya mwamuzi aeleze angefanya nini.

Shule nyingi pia huwaachia wanafunzi hawa duka dogo la shule waliendeshe wenyewe: kuagiza, kupanga bei, kuhesabu mauzo. Humo huuzwa vitafunio, kalamu na sweta zenye kofia zilizochapwa jina la shule. Wakiamua kuchapa na mwaka wa kuhitimu mgongoni, itawabidi wakadirie vizuri idadi, maana sweta ya wahitimu wa mwaka huu ikibaki mpaka mwezi wa sita, wenyewe wameshaondoka.