Uelewa wa afya: maana yake kwa mwanafunzi wa kada za afya

Uelewa wa afya ni uwezo wa mtu kuipata taarifa ya afya, kuielewa, kuipima, kisha kuitumia katika maamuzi yake. Watu wengi huuchanganya na elimu ya afya. Elimu ya afya ndiyo ile muuguzi anayoitoa asubuhi kliniki ya wajawazito. Uelewa wa afya ni kile mama anachoweza kukifanya kwa maneno hayo akishafika nyumbani.

Mwanafunzi wa udaktari, uuguzi au famasia aliye kwenye mafunzo kwa vitendo hospitali ya Maweni, Kigoma, au ya Kitete, Tabora, mara nyingi hana shida na kupata wala kuelewa. Shida huanzia kwenye kupima.

Chukua mawese. Muuzaji anayasifu kwamba hayana lehemu (kolesteroli), na hasemi uongo: lehemu kwenye chakula hutoka kwa wanyama. Ila karibu nusu ya mafuta hayo ni ya ile aina inayoganda kwenye baridi, na aina hiyo hulipunguzia ini uwezo wa kuondoa lehemu mbaya kwenye damu. Kwa upande mwingine, wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ukiyachoma mpaka yawe meupe ili harufu ipungue, karotini inaharibika na yale mafuta ya kuganda yanabaki palepale: umepoteza faida, umebaki na hasara. Kupima taarifa ni kuuliza hivyo, yaani sentensi hii ya kweli imeacha nini nje?

Kutumia ni kugumu zaidi. Mwanafunzi anaikariri dozi ya mseto, dawa ya malaria, bila kusita: mtu mzima, vidonge 4 kwa mara 6, jumla 24, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, zinazobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili dawa ifyonzwe vizuri. Akiugua yeye, homa ikishuka siku ya pili anaacha, vidonge vilivyobaki anamwekea mwenzake wa chumbani. Vimelea vilivyosalia havijali kwamba mgonjwa anasomea udaktari.

Mtindo wa maisha ni vivyo hivyo. Anafundisha wodini chumvi isizidi gramu 5 kwa siku na mazoezi yafike angalau dakika 150 kwa wiki, halafu wiki ya mitihani anakesha kwa chipsi na soda. Si ujinga. Ratiba imebana, bumu (fedha ya mkopo wa chuo) limekata, na kilicho karibu na bweni ndicho kinacholiwa. Kwa hiyo ushauri unaofaa uanzie hapo hapo. Kama lebo ya soda inasema gramu 10 za sukari kwa mililita 100, chupa ya mililita 350 ina gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Chupa moja tu imeshavuka hiyo 25.

Uelewa huu hupimwa kwa madodoso. Linalojulikana sana lina maswali 47, alama 0 hadi 50. Ukipata 33 kushuka chini, uelewa wako una mapungufu. Dosari yake ni kwamba linauliza jambo fulani ni rahisi kiasi gani kwako, na wanaosomea afya huwa wepesi kujibu "rahisi sana". Alama zao tuzisome kwa tahadhari.

Kwa mgonjwa, kipimo kizuri hakihitaji karatasi. Usimuulize "umeelewa?", maana atajibu ndiyo kwa heshima tu. Sema: "Mama, ukifika nyumbani wakakuuliza dawa hii inanywewaje, utawaambiaje?" Pakiti iliyoandikwa 1x3 wengi huisoma asubuhi, mchana na jioni, vidonge vyote vikamezwa kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, usiku kucha bila dawa. Akikosea, rudia kwa maneno mengine: kila baada ya saa nane. Mtajie saa zenyewe, kisha muulize tena.