Umeshindwa Kumchinja?

Sungura wa nyama kwa kawaida huwa tayari akifika wiki 10 hadi 12. Nikifika kwa mfugaji nikakuta sungura wa miezi 6 wamejaa bandani, wanene, hawazalishwi, huwa siulizi habari za chakula. Nauliza tu: "Umeshindwa?" Wengi hucheka kwanza, kisha hukiri.

Mimi ni daktari wa mifugo na wanyama wangu nawachinja mwenyewe. Mkono bado hunishika uzito. Yule anayekuja mbio akisikia mlio wa ndoo na kuninusa vidole, ndiye huyo huyo wa kuchinjwa. Dawa yake sijaipata, wala siitafuti.

Ule ushauri wa "usimpe jina" siupendi. Umemlisha kila asubuhi, umeshamjua, jina au bila jina. Kinachosaidia ni kuamua mapema. Majike na dume la mbegu wabaki na majina yao. Vitoto vyao vipewe tarehe ya kuchinjwa, iandikwe ukutani siku vinapozaliwa. Na watoto wa nyumbani waambiwe siku hiyo hiyo. Nilimwona mmoja aliyeambiwa sungura wake katoroka: alimtafuta uani siku nzima, na baba mtu akawa anainama naye chini ya vichaka.

Huruma ninayoiogopa ni ya dakika ya mwisho. Mtu anakata nusu, anasita, anaachia. Hapo ndipo mnyama anapoteseka. Noa kisu jana yake. Kuku wakamate gizani, maana gizani hutulia. Mnyama aliyehangaishwa muda mrefu kabla ya kuchinjwa huishiwa na akiba ya sukari kwenye misuli. Tindikali inayotakiwa baada ya kufa haipatikani vya kutosha, na nyama hubaki nyeusi, ngumu, tena huoza upesi.

Ukishakata, gusa mboni ya jicho taratibu. Likipepesa, ubongo bado unafanya kazi, kwa hiyo usianze kunyonyoa. Lakini mabawa kupigapiga na miguu kurusha mateke peke yake si maumivu. Hiyo ni misuli na uti wa mgongo tu. Nimeona wafugaji wakiacha ufugaji kwa sababu ya sekunde hizo chache, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza.

Ukishindwa kabisa, mwachie mwingine kisu, au fuga kuku wa mayai. Mimi jioni ya siku hiyo sili nyama. Naiweka kwenye friji mpaka kesho, na bahati nzuri ndivyo inavyolainika.