Ramani ya kidijitali na data za mahali: maana yake katika somo la jiografia

Wengi hudhani kuwa ramani ya kidijitali ni ramani ile ile ya karatasi iliyohamishiwa kwenye kioo cha kompyuta au simu. Dhana hiyo inapotosha, kwa sababu ramani ya karatasi iliyopigwa picha na kuwekwa kwenye kompyuta hubaki kuwa picha: haijibu swali lolote, na ukiikuza kupita kiasi huona ukungu tu. Ramani ya kidijitali kwa maana yake kamili ni hazina ya data ambazo kila moja imehifadhiwa pamoja na mahali pake duniani, kwa kawaida kwa latitudo na longitudo, na mchoro unaoonekana kwenye kioo ni njia moja tu kati ya nyingi za kuzionyesha. Data za aina hiyo ndizo zinazoitwa data za mahali, au data za kijiografia.

Tuchukue mfano wa mto. Kwenye karatasi, mto ni mstari wa buluu. Katika data za mahali, mto ni mfululizo wa nukta zilizounganishwa, kila nukta ikiwa na latitudo na longitudo yake, na mfululizo huo umeambatishiwa maelezo: jina la mto, urefu wake, iwapo hutiririka mwaka mzima au hukauka kiangazi, na unakomwaga maji yake. Rangi ya buluu huja mwisho kabisa, na mwalimu anaweza kuibadilisha kuwa nyekundu bila kuugusa mto wenyewe. Kwa utaratibu huo huo visima huhifadhiwa kama nukta, barabara kama mistari, na maziwa au mipaka ya kiutawala kama maumbo yaliyofungwa. Mambo yasiyo na ukingo ulio wazi, kama vile mwinuko, joto na mvua, huhifadhiwa kwa njia nyingine: eneo hugawanywa katika miraba midogo, na kila mraba hupewa thamani yake. Picha ya setilaiti nayo imeundwa kwa miraba ya namna hiyo, iitwayo pikseli.

Programu za kukusanya, kupanga na kuzihoji data hizi hujulikana kama mifumo ya taarifa za kijiografia. Mfumo wa mwanzo kabisa wa aina hiyo ulibuniwa Kanada katika miaka ya 1960 chini ya uongozi wa mwanajiografia Roger Tomlinson, pale serikali ilipotaka kujua ardhi ya nchi hiyo kubwa inafaa kwa matumizi gani, na ikawa dhahiri kwamba kuzipima ramani zote kwa mkono kungechukua miaka mingi na watu wengi mno.

Siri ya mifumo hiyo ni matabaka. Mito huwa tabaka moja, makazi tabaka jingine, aina za udongo tabaka la tatu, na mtumiaji hulipandisha moja juu ya jingine ili aone yanapokutana. Fikra yenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1854, kipindupindu kilipozuka katika eneo la Soho jijini London, daktari John Snow alionyesha kwenye ramani moja vifo vilivyotokea nyumba kwa nyumba na pampu ambazo wakazi walichota maji, na ikaonekana kwamba vifo vilirundikana kuizunguka pampu ya Broad Street. (Husimuliwa mara nyingi kwamba ramani hiyo ndiyo iliyofanya mpini wa pampu uondolewe. Kwa kweli mpini uliondolewa mwezi Septemba mwaka ule ule, na ramani ikachapishwa baadaye kuwa ushahidi wa hoja ya Snow.) Darasani, mfano huu hufundisha zaidi iwapo wanafunzi watapewa kwanza tabaka la vifo peke yake na kuulizwa wanashuku nini, kisha tabaka la pampu lifunguliwe. Mwalimu anayefungua matabaka yote kwa pamoja amewapa jibu kabla ya swali.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kufundisha kwa ramani za kidijitali na kuzitumia kama pambo. Picha za setilaiti zinalidhihirisha jambo hilo vizuri. Setilaiti ya kwanza ya mpango wa Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972, na tangu 2008 hifadhi yote ya picha zake hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mwalimu anaweza basi kuchukua Bahari ya Aral, iliyoko kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ambayo mwaka 1960 ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani kabla maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya hayajachepushwa kumwagilia mashamba ya pamba. Kuna video nyingi zinazoonyesha ziwa hilo likinywea kwa sekunde chache. Wanafunzi huzitazama, hushangaa, na somo likaishia kwenye mshangao.

Matokeo huwa tofauti kabisa wanafunzi wanapopewa picha tatu au nne za miaka iliyoachana, wakachora wenyewe ukingo wa maji katika kila picha, na wakaiachia programu iwahesabie eneo. Kwanza watalazimika kuamua maji yanaishia wapi, jambo ambalo si rahisi pale penye matope na chumvi. Pili, watagundua kwamba picha zinazolinganishwa zinapaswa kuwa za msimu mmoja, la sivyo watapima tofauti ya kiangazi na masika wakidhani wamepima tofauti ya miaka. Tatu, wataona kwamba sehemu ya kaskazini iliongezeka maji baada ya bwawa la Kokaral kukamilika mwaka 2005, ilhali kusini kuliendelea kukauka, na hapo watauliza wenyewe kwa nini.

Ramani za kidijitali zina mitego yake pia, na mitego hiyo yenyewe ni somo zuri. Ramani nyingi za mtandaoni hufuata mfumo wa Mercator wa kuichora dunia ya mviringo kwenye uso bapa, uliotungwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ambao hulinda pembe na kuvuruga ukubwa. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 umbali huonekana mara mbili ya ulivyo, na eneo mara nne. Ndiyo maana Greenland huonekana kulingana na Afrika, ingawa Afrika ni kubwa kuliko kisiwa hicho takriban mara 14. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hili bila maelezo marefu: aisogeze ramani kutoka ikweta kuelekea kaskazini bila kuikuza wala kuipunguza, na atazame namna kipimio kilicho pembeni kinavyobadilika. Mtego mwingine ni nafasi tupu. Katika OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa mwaka 2004 na kujazwa na watu wa kujitolea, eneo lisilo na barabara huenda halina barabara kweli, au huenda hakuna aliyelichora bado.

Mtego unaopuuzwa zaidi hujitokeza wanafunzi wanapotoka nje na simu kukusanya data zao wenyewe. Simu huwaandikia latitudo yenye tarakimu saba baada ya nukta ya desimali, nao huinakili yote kwa uaminifu mkubwa. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, kwa hiyo tarakimu ya nne baada ya nukta ina thamani ya mita 11 hivi, ya tano kama mita moja, na ya saba kama sentimita moja. GPS ya simu ya kawaida, hata chini ya anga wazi, hukosea kwa mita kadhaa, na karibu na majengo marefu au chini ya miti mingi hukosea zaidi. Anayeandika tarakimu saba anadai kwamba ameupima mti kwa usahihi wa upana wa kidole, wakati kifaa chake hakiwezi hata kuamua amesimama upande gani wa barabara. Tarakimu tano zinamtosha, na karibu nazo aandike kwa kalamu alisimama wapi na aliona nini.