Je, wajua kwa nini wamiliki wa bunduki Marekani hushinda hata wakiwa wachache?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja tu kwa swali hili: fedha. Mtu akiniuliza kwa nini Marekani haikazi sheria za bunduki ilhali kura za maoni zinaonyesha wananchi wengi wanataka zikazwe, namjibu kwamba kuna chama kikubwa cha wenye bunduki, NRA, kilichoanzishwa New York mwaka 1871, na chama hicho kimewaweka wanasiasa mfukoni. Nimelisema hilo barazani mara nyingi, na hakuna aliyenipinga. Lakini si kweli, au tuseme ni kweli ndogo iliyovikwa kanzu ya kweli kubwa.

Tuanze na fedha zenyewe. Sheria ya Marekani inairuhusu kamati ya siasa kama ile ya NRA kumpa mgombea wa Bunge dola 5,000 kwa kila uchaguzi, basi. Seneta anayekusanya mamilioni hawezi kununuliwa kwa dola 5,000. Ni kweli chama kinaweza kutumia zaidi kwa matangazo yake chenyewe, na mwaka 2016 NRA ilitumia takribani dola milioni 30 kumpigania Donald Trump. Lakini chaguzi za mwaka huo, wa rais na wa Bunge, ziligharimu jumla ya zaidi ya dola bilioni 6. Milioni 30 ndani ya bilioni 6 ni ndoo moja katika kisima.

Kilichonibadilisha kabisa ni uchaguzi mdogo wa jimbo la Colorado mwaka 2013. Julai 2012, mtu mwenye silaha aliua watu 12 katika ukumbi wa sinema mjini Aurora. Desemba mwaka huohuo, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut. Machi 2013, Colorado ikapitisha sheria mpya: marufuku kuuza magazini (kasha la risasi la bunduki) inayobeba zaidi ya risasi 15, na kila mnunuzi achunguzwe historia yake, hata anaponunua bunduki kwa jirani. Kuchunguza wanunuzi kuliungwa mkono na karibu watu 9 kati ya 10 katika kura za maoni za nchi nzima. Ungedhani mwanasiasa aliyepitisha sheria kama hiyo angebebwa juujuu.

Katiba ya Colorado, kama ile ya Kenya ya 2010 katika kifungu cha 104, inawapa wananchi haki ya kumwondoa mwakilishi wao kabla muda haujaisha. Tofauti ni kwamba Colorado haki hiyo ina meno: ukikusanya sahihi sawa na robo ya kura zilizopigwa kwa kiti kile, uchaguzi unaitishwa. Wenye bunduki wa miji ya Colorado Springs na Pueblo walisimama milangoni pa maduka na pembeni mwa barabara na karatasi zao, wakazikusanya. Tarehe 10 Septemba 2013, Rais wa Seneti ya jimbo, John Morse, akang'olewa kwa tofauti ya kura zaidi kidogo ya 300. Siku hiyohiyo akaondolewa Angela Giron wa Pueblo, kwenye eneo ambalo ni ngome ya chama chake cha Democratic. Haikuwahi kutokea katika historia ya jimbo hilo.

Na fedha? Upande uliowatetea wawili hao ndio uliotumia nyingi zaidi, mara kadhaa ya wapinzani wao. Tajiri Michael Bloomberg peke yake alitoa dola 350,000. Nilisoma hesabu hizo mara mbili nikidhani nimezigeuza. Wenye fedha ndio walioshindwa.

Basi ushindi ulitoka wapi? Chukua mfano wa mtaani kwetu. Serikali ya mtaa inataka kukihamisha kijiwe cha bodaboda kilichopo njia panda. Ukipita nyumba kwa nyumba, watu 80 kati ya 100 watakuambia kihamishwe, kinaziba njia na kina kelele. Kisha mkutano unaitishwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Nani atakuja? Katika wale 80, mmoja yuko sokoni, mwingine anafua, wa tatu kasahau. Madereva wa bodaboda wapo wote, helmeti mkononi, tangu saa mbili na nusu, kwa sababu wanaongelea ugali wa watoto wao. Mwenyekiti anatazama ukumbi. Na si ukumbi tu. Anajua kwamba mwakani atakapogombea, wale 80 watampima kwa maji, taka na ulinzi, na kijiwe watakuwa wameshakisahau. Madereva watampima kwa kijiwe tu.

Hapo ndipo penye siri yote. Kura ya maoni huuliza unapenda nini, haiulizi utaamka alfajiri kwa ajili ya nini. Mpenda sheria kali wa Marekani ana mambo kumi kichwani: bima ya afya, shule, kodi, ajira. Mkereketwa wa bunduki naye anayo hayo yote, lakini bunduki ndiyo inayoamua kura yake.

Kwa nini iwe hivyo? Kenya na Tanzania bunduki ni jambo la leseni: serikali inakupa, serikali inaweza kukunyima. Mmarekani wa upande huu anaanzia kwingine kabisa. Kwake ni haki iliyoandikwa katika Marekebisho ya Pili ya Katiba, 1791, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilithibitisha katika kesi ya Heller kwamba ni haki ya mtu binafsi. Mkulima wa mashariki ya Colorado, ambako gari la polisi lina safari ndefu kufika kwake, haoni sheria ya magazini kama jambo dogo la kiufundi. Anaona mkono wa serikali umeingia ndani ya nyumba yake. Si lazima ukubaliane naye ili uelewe kwa nini siku ya kura hakosi.

Kazi ya NRA basi si kununua bali kupiga mbiu. Humpa kila mgombea alama, kuanzia A hadi F kama ripoti ya shule, na mwanachama anaziangalia hata katika viti vidogo ambavyo majirani zake hawajui nani anagombea. Huko chini, kwenye seneti za majimbo, kura za mchujo na uchaguzi wa sherifu wa kaunti, wanaojitokeza ni wachache, na kundi la watu mia tatu wasiokosa linaweza kumng'oa kigogo. Colorado mwaka 2013 uchache huo ulizidi, kwani mahakama iliamua kwamba wagombea wana haki ya kujiandikisha hadi siku 15 kabla ya uchaguzi, hivyo hapakuwa na muda wa kutuma karatasi za kura kwa posta. Watu wa Colorado walishazoea kupigia kura mezani kwao jikoni. Safari hii ilibidi mtu atoke nyumbani.

Hapo ndipo ninapojizuia nisiongeze chumvi. Hatuwezi kujua Morse angepona kama posta ingetumika. Vivyo hivyo kwa mwaka 1994, ambapo Spika wa Bunge la taifa, Tom Foley, alipoteza kiti chake baada ya Bunge kupiga marufuku baadhi ya bunduki za kivita. Wengi huwapa wenye bunduki sifa yote, lakini Foley alikuwa pia amewaudhi wapiga kura wake kwa kupinga ukomo wa muda wa wabunge. Na viti viwili vya Colorado vilirudi kwa Democratic mwaka uliofuata tu, idadi ya wapiga kura ilipopanda.

Tena silaha hii ya kutokosa kura haina mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: Lucy McBath, ambaye mwanawe Jordan Davis alipigwa risasi mwaka 2012, aliingia Bunge la taifa mwaka 2018 kutoka Georgia akiwa na ajenda ya kukaza sheria za bunduki mbele. Mwaka huohuo Colorado ilimchagua kuingia bunge la jimbo Tom Sullivan, ambaye mwanawe Alex aliuawa ndani ya ule ukumbi wa sinema wa Aurora. Mwaka 2019 wapinzani wake walianzisha harakati za kumwondoa kama walivyomwondoa Morse, wakaziacha baada ya wiki chache. Aprili 2025, gavana wa Colorado alitia saini sheria nyingine ya bunduki, kali kuliko ile ya 2013. Miongoni mwa waliowasilisha muswada wake ni Sullivan.